Blogu ya Darasa: Mwalimu Aanzie Wapi?

Mwalimu anayetaka kuingiza blogu na mitandao ya kijamii katika ufundishaji wake kwa kawaida huanza na maswali ya vifaa: atumie programu ipi, afungue akaunti wapi, na je, simu inatosha au ni lazima apate kompyuta. Maswali hayo yana majibu, na mengi kati yake hupatikana kwa kujaribu tu. Swali gumu zaidi, ambalo ndilo huamua kama jitihada hizo zitazaa matunda, ni hili: mwanafunzi atakapoandika, nani atasoma? Daftari la kawaida lina msomaji mmoja, naye ni mwalimu ambaye tayari analijua jibu. Mwanafunzi anatambua hivyo, ndiyo maana mara nyingi huruka hatua za hoja yake, na akishapewa alama hana sababu ya kuufungua tena ukurasa ule.

Wazo la kumpatia mwanafunzi msomaji wa kweli limeitangulia intaneti kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1920 mwalimu Mfaransa Célestin Freinet aliingiza mashine ndogo ya kupiga chapa katika darasa lake la shule ya msingi. Watoto waliandika habari za maisha yao, wakachagua kwa pamoja zipi zichapwe, wakazisahihisha, wakapanga herufi moja moja, kisha kurasa zikatumwa kwa posta kwa wanafunzi wa shule nyingine, ambao nao walituma za kwao. Blogu imepunguza kazi ya mikono, lakini hatua zimebaki zile zile: kuandika, kuchagua, kusahihisha, kuchapisha na kupokea majibu. Mwalimu akizishika hatua hizo hatayumbishwa na kila programu mpya inayotangazwa.

Kwa sababu hiyo nashauri darasa lianze na blogu kabla ya mitandao ya kijamii. Katika blogu maandishi hupangwa kwa tarehe na kwa mada, kwa hiyo kazi ya mwanzo wa mwaka inaweza kusomwa tena mwishoni na mwandishi akaona alivyokua. Katika mitandao ya kijamii, ni kampuni yenye mtandao inayoamua kila mtumiaji aone nini na kwa mpangilio gani, na uamuzi huo hulenga kumweka mtumiaji mtandaoni kwa muda mrefu, si kumfundisha. Kuna pia suala la umri. Mitandao mingi mikubwa hairuhusu akaunti kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, na nchini Australia sheria iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025 inaitaka baadhi ya mitandao hiyo kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Mwalimu hapaswi kumtuma mwanafunzi adanganye umri wake ili afanye kazi ya shule. Hata hivyo, mwalimu mwenyewe ana faida kubwa ya kuipata humo, kwani anaweza kujiunga na walimu wengine wa somo lake, kuuliza pale anapokwama, na kubadilishana nao mazoezi na maandalio ya somo.

Kabla ya kuwafungulia wanafunzi mlango, mwalimu aandike blogu yake mwenyewe kwa muda. Ajue jinsi rasimu inavyohifadhiwa, jinsi kiungo kinavyowekwa, jinsi maoni yanavyozuiwa hadi yaidhinishwe, na jinsi chapisho linavyofutwa. Ajue pia hisia ya kungoja msomaji asiyekuja, maana wanafunzi wake wataipitia. Katika hatua hii ndipo atakapokutana na ngazi za watumiaji, jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama. WordPress, kwa mfano, ambayo ni programu ya kuendeshea blogu, humruhusu mtumiaji wa ngazi ya mchangiaji kuandika na kuhariri rasimu zake, lakini hana uwezo wa kuzichapisha. Kazi hiyo hubaki kwa mhariri au msimamizi. Mpangilio huo mmoja unamhakikishia mwalimu kwamba hakuna makala ya mwanafunzi itakayotoka kabla yeye hajaisoma.

Sehemu inayofundisha zaidi, na inayopuuzwa zaidi, ni maoni. Wanafunzi wakiachwa bila mwongozo huandikiana «kazi nzuri» na kuendelea na mengine. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeandika kuhusu jaribio la uvukizaji: «Tuliweka maji kwenye sahani na baada ya siku mbili yalipotea.» Mwenzake aliyefundishwa kutoa maoni ataandika: «Umesema maji yalipotea. Sahani ilikuwa juani au kivulini? Mliweka maji kiasi gani? Mlijuaje kwamba hakuna aliyeyamwaga?» Maswali haya matatu humrudisha mwandishi kwenye jaribio lake. Atalazimika kutaja kipimo, kueleza mahali, pengine kurudia jaribio akiwa na sahani ya pili iliyofunikwa ili alinganishe. Hapo amejifunza sayansi na uandishi kwa wakati mmoja, na swali limetoka kwa mwanafunzi mwenzake, si kwa mwalimu. Inafaa mazoezi ya maoni yafanyike kwanza kwenye karatasi zinazopitishwa darasani, na kanuni iwe nyepesi: taja jambo moja mahususi ulilolisoma, kisha uliza swali ambalo hulijui jibu lake. Njia hiyo ya karatasi huwafaa pia wasio na simu wala kompyuta nyumbani, kwa kuwa maandishi yao yanaweza kuingizwa kwa zamu wakati wa vipindi, na hakuna atakayeachwa nyuma kwa sababu ya kifaa.

Usalama unataka umakini wa kweli. Ridhaa ya mzazi au mlezi ipatikane kwa maandishi kabla ya chapisho la kwanza, ikieleza nini kitaonekana na kwa nani. Mwanafunzi atumie jina la kwanza tu au jina la kalamu. Picha ni hatari kuliko maandishi, kwani nembo ya shule kwenye sare au jina kwenye jalada la daftari huonekana nyuma ya kile mpiga picha alichokusudia, na faili lenyewe linaweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa kama simu iliruhusiwa kuzirekodi. Kupiga picha ya kazi, bila sura ya aliyeifanya, kwa kawaida kunatosha. Kuhusu picha zilizopigwa na watu wengine, wanafunzi wafundishwe kutafuta zile zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, yaani leseni ambazo kwazo mwenye kazi huwaruhusu wengine kuitumia kwa masharti aliyoyachagua, wasome masharti hayo, na wamtaje mwenye kazi. Tabia hiyo itawafaa katika kila andiko watakaloandika baadaye.

Kwa darasa linaloanza, blogu iwe ya faragha au yenye nywila, na wasomaji wawe wazazi pamoja na darasa moja la shule nyingine ambalo mwalimu wake mmekubaliana. Kundi dogo linalosoma kwa makini na kujibu lina thamani kuliko umati unaopita. Kuifungulia dunia nzima ni uamuzi wa baadaye, nao ufanywe kwa kujua kwamba kilichowahi kuwa hadharani hakifutiki kwa hakika: Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa nyingi za mtandaoni hata baada ya wenyewe kuziondoa. Mwaka wa masomo ukiisha, mwalimu ahamishe maandishi yote katika faili moja, ampe kila mwanafunzi nakala ya kazi zake, na afunge akaunti za wanaoondoka kabla ya kuwasajili wapya.