Kiharusi, seli saidizi na maikroRNA: maswali yanayoulizwa sana Tanga

Seli saidizi za ubongo ni zipi?
Ni zile zinazozihudumia nyuroni, seli zinazopitisha taarifa. Maarufu ni astrosaiti. Nyuroni ikifa, kama inavyotokea kwenye kiharusi, hairudi. Astrosaiti huongezeka mahali pale na kuacha kovu.

MaikroRNA inahusikaje?
Ni kipande kifupi cha RNA (molekuli inayofanana na DNA na kubeba ujumbe wa jeni), chenye herufi za kijenetiki 22 hivi, kinachozuia ujumbe wa jeni usitengeneze protini. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobeli 2024 kwa ugunduzi wake. Astrosaiti ina protini iitwayo PTBP1, inayosaidia kuifanya isiwe nyuroni. MaikroRNA ya miR-124 huipunguza protini hiyo. Mwaka 2011 watafiti Marekani walitumia miR-124 pamoja na miR-9 kugeuza seli za ngozi ya binadamu kuwa nyuroni, ndani ya maabara.

Basi aliyepooza kwa kiharusi atarudishiwa nyuroni?
Hapana. Tiba hiyo haipo hospitali ya Bombo hapa Tanga, haipo Muhimbili, wala Marekani kwenyewe. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba astrosaiti za panya zimegeuka nyuroni baada ya PTBP1 kupunguzwa. Mwaka 2021 watafiti wengine walifuatilia asili ya seli hizo wakakuta ni nyuroni za tangu mwanzo. Anayekuuzia chupa ya "kuotesha seli za ubongo" anakula pesa yako bure.

Mzee kaamka mdomo umepinda, mkono hauinuki. Tumchue kwanza?
Hapana! Hicho ni kiharusi, yaani mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, na nyuroni zinakufa kila dakika. Mpelekeni hospitali sasa hivi, kwa bajaji ikibidi. Sindano ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa) kuonyesha kwamba damu haijavuja.

Lakini wazee wanasema ni upepo mbaya, asomewe.
Asomewe njiani. Dua haikatazwi, kuchelewa ndiko kunakomaliza watu. Wagonjwa wanaletwa siku ya tatu, wamechanjwa chale, wamepakwa mafuta, na muda wa sindano umeshapita. Tafadhali, msingoje kuche.

Tumpe kombe, uji au aspirini?
Msimpe chochote mdomoni. Koo likilegea, kinywaji huingia mapafuni akapata nimonia. Aspirini huzidisha hali ikiwa mshipa umepasuka. Na msimwongezee vidonge vya presha: ikishuka ghafla, ubongo unakosa damu zaidi. Mlazeni ubavu akitapika au akipoteza fahamu.

Dalili zikiondoka zenyewe baada ya nusu saa?
Bado mpelekeni, leo hii hii. Kiharusi kamili huweza kufuata ndani ya siku chache. Bebeni pakiti za dawa zake zote, na mjue saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwani daktari ataiuliza kabla ya mengine. Kama alilala mzima saa 3 usiku akaamka hivyo, semeni saa 3 usiku, si saa aliyoamka.