Ndama Haachishwi Maziwa kwa Sababu Bei Imepanda

Bei ya maziwa ikipanda hapa Nakuru, wiki chache baadaye ofisi za mifugo za wadi huanza kupokea malalamiko ya aina moja. Ndama amekonda, manyoya yamesimama, tumbo limening'inia, na mwenyewe amekuja kutafuta dawa ya minyoo. Tukiuliza aliachishwa maziwa lini, tunaambiwa wiki ya tano, pengine ya nne. Huenda minyoo ipo kweli. Lakini shida ilianza siku ile maziwa ya ndama yalipomiminwa kwenye mtungi wa kupeleka sokoni.

Mambo ya dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa), kitovu na usafi wa ndoo sitayarudia, kwa kuwa wafugaji wetu wanayajua. Nataka kujibu swali tunaloulizwa kila siku: ndama aachishwe akiwa na umri gani? Ukitaka jibu la mkato, ng'ombe wa kisasa ni kati ya wiki 8 na 12, na kwa hali ya mashamba yetu mengi, wiki 12 ni salama zaidi. Lakini umri ni mwongozo tu. Uamuzi hutoka kwa uzito wa ndama na kiasi cha chakula kikavu anachokula.

Ndama mchanga ana rumeni, lile tumbo kubwa la kucheulia, ila bado ni dogo na halifanyi kazi. Maziwa hulipita na kuingia moja kwa moja tumbo la nne. Kinachoikomaza rumeni ni chakula cha ndama chenye nafaka. Bakteria wanapokichachusha, hutokea asidi, na asidi hizo ndizo zinazokuza vijinyama vidogo vya ukutani vinavyofyonza lishe. Hei, yaani majani yaliyokaushwa, huipanua rumeni na kuimarisha misuli yake, lakini haiwezi kufanya kazi hiyo ya kwanza peke yake. Kwa hiyo ndama wa wiki tano aliyezoea maziwa na majani ya nepia tu, ukimkatia maziwa, umemwachia majani asiyoweza kuyatumia. Yanajaa tumboni na kumtia kitambi, huku mgongo na mapaja yakipungua. Kitambi hicho si shibe, na tumelisema hili mara nyingi kwenye mikutano ya wafugaji.

Anza kumwekea kiganja cha chakula cha ndama kuanzia wiki ya kwanza, chenye protini ya asilimia 16 hadi 20. Usimpe kile cha mama yake. Vyakula vingine vya ng'ombe wakubwa huchanganywa na yuria, ambayo rumeni changa haiwezi kuishughulikia na inaweza kumuua. Masalio ya jana yatoe, weka mapya.

Halafu maji. Bado kuna wafugaji wanaoamini kwamba maji humharisha ndama, na kwamba maziwa yanamtosha. Maziwa yanapita kando ya rumeni, kama nilivyoeleza, kwa hiyo bakteria wa humo hupata unyevu kwa maji anayokunywa ndama. Asipokunywa maji, hali chakula kikavu cha kutosha, na rumeni haikui. Kinachomharisha ni maji machafu na ndoo isiyooshwa. Maji safi yawepo kutwa nzima.

Ndama wa aina kubwa ya ng'ombe, kama Friesian au Ayrshire, yuko tayari akila kilo moja ya chakula cha ndama kwa siku, siku 3 mfululizo, na uzito wake ukiwa umefika mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Jersey hula pungufu kidogo. Tafadhali pima kwa mizani: nusu gorogoro ya unga na nusu gorogoro ya pelleti (chakula kilichoshindiliwa kuwa vipande vidogo) hazina uzito sawa. Ndama aliyezaliwa na kilo 35 na kuongeza nusu kilo kwa siku hufikisha kilo 70 baada ya siku 70, yaani wiki 10. Asiyeongeza hivyo anangoja, hata jirani awe ameshaachisha wake. Kule Molo, Mau Narok na Kuresoi, ambako Juni na Julai baridi ni kali, sehemu ya chakula huishia kuupasha mwili joto. Huko msiharakishe, na matandiko yawe makavu na mazito.

Kuachisha kwenyewe kuchukue siku 7 hadi 14. Ondoa kwanza maziwa ya jioni, kisha punguza ya asubuhi hadi yaishe. Siku hizo usimkate pembe, usimchanje, usimhamishe chumba, wala usimbadilishie chakula. Tunaona sana mfugaji anayeyafanya yote siku moja kwa sababu daktari amekuja, kisha ndama anahara damu na lawama zinaenda kwa chanjo.

Kuchelewesha nako kuna gharama. Lita 5 kwa siku ni lita 150 kwa mwezi, na ndama anayeshiba maziwa hana haja na pelleti. Ila nikilinganisha hasara hizi mbili, ya kuwahi ndiyo nzito. Mtamba wa Friesian anatarajiwa kupandishwa akiwa na miezi 15 hivi na karibu kilo 300. Aliyedumaa akiwa mchanga hufika uzito huo miezi mingi baadaye, na muda wote huo anakula bila kutoa hata kikombe cha maziwa.

Kwa mbuzi wa maziwa kosa huwa tofauti. Mwanambuzi wa Alpine huzaliwa na kilo 3 hivi, huanza kudonoa majani akiwa na wiki 2, na huachishwa akiwa na miezi 3 hadi 4, akizidi kilo 10 na akila vizuri. Pacha mdogo asiachishwe kwa sababu mwenzake yuko tayari. Wengi huwaacha wanyonye hadi miezi 6 wakidhani ni huruma. Vidume wanaweza kupanda wakiwa na miezi 4, wengine mapema zaidi, na hupanda mama zao na dada zao. Watenge wakifika miezi 3. Jike asipandishwe kabla ya mwaka na kilo 30. Baada ya kuachishwa, angalia kope za ndani kila wiki: zikipauka, minyoo wanaofyonza damu wamemzidi, muite daktari wa mifugo.

Kuna jambo la kisheria linalohusu wanaouza na kununua ndama walioachishwa. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, mifugo haisafirishwi bila kibali. Mnunuzi aanze kwa afisa wa mifugo wa kule anakopeleka ndama, apate barua kwamba hakuna pingamizi. Barua hiyo huletwa kwa afisa wa kule anakotoka, ambaye huwakagua wanyama na kuandika idadi yao, maelezo yao na safari yenyewe. Kibali hutumika kwa wanyama hao tu na kwa safari hiyo tu. Eneo likiwekwa karantini, kwa mfano ya ugonjwa wa miguu na midomo, vibali havitolewi, na kumsukuma afisa hakusaidii. Ugonjwa huo huwashika ndama moyo na kuwaua ghafla. Anayekamatwa bila kibali anaweza kushtakiwa na kutozwa faini au kufungwa, na wanyama wakazuiliwa. Ndama mmoja kwenye bodaboda pia ni usafirishaji wa mifugo.

Kama umeshamwachisha mapema na hajafika wiki 12, mrudishie maziwa, lita 2 asubuhi na 2 jioni, hata kama soko linayataka. Mpunguzie majani mabichi, mwekee chakula cha ndama, hei laini na maji, na umpime kila wiki kwa utepe wa kifua, ule unaokadiria uzito kwa mzunguko wa kifua. Aliyepita miezi 4 hahitaji maziwa tena. Anahitaji chakula chenye protini na ukaguzi wa kinyesi kabla ya kununua dawa yoyote ya minyoo. Kinyesi kilete ofisini kingali kibichi, ndani ya chombo safi kilichofunikwa, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ya ndama na siku uliyokata maziwa.