Je, Wajua Nyigu Dume Humpataje Jike Aliyemo Ndani ya Bua Kavu?

Majira ya baridi yanapokaribia kwisha, katika mabaki ya mbuga za nyasi ndefu za jimbo la Illinois nchini Marekani, mabua makavu ya mwaka uliopita huwa bado yamesimama juu ya nyasi zilizolala, mengine yakiwa na urefu wa kumzidi mtu mzima. Kwa nje bua la namna hiyo halioneshi jambo lolote la ajabu: halina uvimbe, halina tundu, halina kovu. Lakini ukilikata na kulipasua kwa kisu kutoka juu hadi chini, waweza kukuta ndani yake vijumba vya ukubwa wa milimita chache tu, na katika kila kijumba amelala buu mmoja mweupe, mnene, asiye na miguu, amejikunja mpaka kichwa kinakaribia kugusa mkia. Huyo ni mtoto wa nyigu ambaye wanasayansi wanamwita Antistrophus rufus, na hata akishakomaa na kuota mabawa, urefu wake hauzidi milimita chache.

Majira ya kuchipua yanapoingia, madume wa nyigu hawa ndio wanaotangulia kutoka. Kila mmoja hutafuna tundu dogo la duara kwenye ukuta wa bua na kujitokeza mwangani, wakati majike wengi bado wamo ndani ya vijumba vyao. Muda wa kuishi wa dume ni mfupi sana, na kazi aliyo nayo ni moja, kumpata jike. Huyo jike haonekani, hajatoka, na amezungukwa na ukuta wa bua lililokufa ambalo limesimama katikati ya mabua mengine ya mimea ya kila aina, yaliyo mengi kuliko yale yenye nyigu, huku majani mabichi ya msimu mpya yakianza kulifunika. Anajuaje ni bua lipi la kulingojea?

Jibu la haraka ni kwamba anaongozwa na harufu. Wadudu wengi hutafutana kwa harufu: jike hutoa kemikali zinazoitwa feromoni kutoka katika mwili wake, upepo ukazisambaza, naye dume akazifuata. Lakini kwa nyigu huyu harufu inayomwita dume ni ya mmea wenyewe, na ilianza kutengenezwa miezi mingi kabla, wakati jike bado ni buu na bua bado ni bichi.

Mmea unaohusika zaidi ni Silphium laciniatum, ambao Wamarekani huuita mmea wa dira, kwa sababu majani yake makubwa ya chini hujipanga wima yakielekeza kingo zake kaskazini na kusini, hivi kwamba bapa zake hupokea jua la asubuhi na la jioni na kukwepa ukali wa jua la adhuhuri. Ni ndugu wa alizeti, na maua yake ya manjano yanafanana nayo. Mzizi wake huzama mita kadhaa ardhini na huweza kuishi miongo mingi, lakini sehemu ya juu hufa kila mwaka ikabaki bua kavu. Nyigu wa namna hiyo huishi pia katika Silphium terebinthinaceum, mmea wa jamii hiyo wenye majani mapana ya chini na bua refu la maua lililo karibu tupu. Mimea yote miwili ina utomvu wenye harufu kali, na utomvu huo ndio kiini cha habari hii.

Jike aliyekwisha kupandwa hutaga mayai yake ndani ya bua changa linaloinuka kuelekea kutoa maua. Yai linapoanguliwa, kuwapo kwa buu hubadili mwenendo wa seli za mmea zinazomzunguka. Badala ya kukua kama seli za kawaida za shina, hukua na kuwa kinundu, yaani kijumba chenye ukuta wa ndani uliojaa lishe, na buu huula ukuta huo kidogo kidogo bila kuhitaji kwenda popote. Nyigu wa jamii hii, Cynipidae, wanajulikana zaidi kwa vinundu vinavyoota juu ya miti ya mialoni, vile vilivyotumika kwa karne nyingi kutengenezea wino mweusi wa hati za Ulaya na Mashariki ya Kati. Hao wa mialoni huacha alama inayoonekana kwa mbali. Antistrophus rufus, kinyume chake, vinundu vyake vimefichika kabisa ndani ya shina, na mtu anaweza kupita kando ya mmea wenye mabuu kadhaa bila kuhisi lolote.

Vuli inapofika bua hufa, lakini buu aliyekwisha kushiba hubaki ndani yake, akipitisha humo theluji na baridi yote. Huwa pupa majira ya kuchipua yanapokaribia, kisha huwa nyigu kamili. Bua lililokufa kwa hiyo ni nyumba yake kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Kwa nini madume hutangulia? Miongoni mwa nyigu wengi, akiwamo huyu, yai lisilorutubishwa huwa dume, na yai lililorutubishwa huwa jike. Jike ambaye hakupandwa anaweza kutaga, ila atazaa wana wa kiume pekee. Jike aliyetoka punde, ambaye bado hajakutana na dume yeyote, ndiye mwenye thamani kubwa kwa madume, na dume aliyekwisha kufika na kusimama pale juu ya bua wakati jike anamalizia kutafuna tundu lake ana nafasi nzuri kuliko atakayekuja baada yake. Faida hiyo huja na gharama: anayetangulia hulazimika kutafuta kitu ambacho bado kimefichwa.

Watu waliolifumbua fumbo hili ni John Tooker na Lawrence Hanks, wataalamu wa wadudu waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, wakishirikiana na Wilfried König, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Hamburg nchini Ujerumani. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2002. Walianza kwa kuwatazama madume wenyewe. Dume akitua juu ya bua kavu hutembea juu na chini huku akiligonga kwa vipapasio vyake, kama mtu anayebisha hodi, kisha ama huondoka haraka, ama hubaki hapo akiendelea kupapasa. Mabua anayobaki nayo ni yale yenye vinundu ndani. Kwa hiyo kulikuwa na kitu katika bua ambacho vipapasio vilikitambua na ambacho macho ya binadamu hayakukiona.

Kitu hicho ni kemikali nyepesi zinazogeuka mvuke kwa urahisi, na muhimu zaidi miongoni mwake ni pineni za aina mbili, alfa na beta. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na fundi anayezimua rangi kwa tapentaini ameinusa pineni, maana tapentaini hupatikana kutoka katika utomvu wa misonobari uliojaa kemikali hizo. Mimea ya Silphium huzitengeneza katika utomvu wake hata kama haina mdudu yeyote, kwa hiyo kuwapo kwa pineni peke yake hakumwelezi dume chochote. Siri imo katika umbo la molekuli. Kila pineni huja katika sura mbili zenye atomi zile zile, kwa idadi ile ile, zilizoungana kwa mpangilio ule ule, isipokuwa sura moja ni kinyume cha nyingine kama taswira ndani ya kioo, na haiwezekani kuigeuza hii ikawa ile kwa kuizungusha tu. Kwa vipimo vingi vya maabara sura hizo mbili hazitofautishiki, na ndiyo maana ustadi wa König, aliyebobea katika kuzitenganisha molekuli za namna hiyo, ulikuwa wa lazima.

Katika mabua yasiyo na vinundu, watafiti walikuta sura hizo mbili zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Katika mabua yenye vinundu, uwiano ulikuwa umeegemea upande mmoja, wastani wake ukianzia 70 kwa 30 na kufikia hata 100 kwa 0. Kemikali ni zile zile za mmea, lakini uwiano wake umepinduliwa na kuwapo kwa mabuu. Bua likifa na kukauka, mvuke ule huendelea kutoka ndani ya vinundu, na dume anapopita huupokea kwa vipapasio vyake na kujua kwamba humo ndani kuna nyigu wa kabila lake.

Naona jambo hili linastahili kutafakariwa kwa utulivu. Jike hakufanya lolote ili kuitwa mchumba. Alikula tu, akiwa buu, na kule kula kwake ndani ya mmea kukaubadilisha mmea kiasi kwamba harufu yake ikawa tangazo lililobaki baada ya mmea wenyewe kufa. Ilikuwa imefahamika kwa muda mrefu kwamba mmea ukishambuliwa na wadudu hubadilisha kemikali zake, lakini mabadiliko hayo yalielezwa hasa kama kinga ya mmea au kama lishe ya mdudu. Tooker na wenzake walionesha kazi ya tatu ambayo haikuwa imeelezwa kabla, yaani kuwakutanisha dume na jike.

Tena kila aina ya mmea ina mchanganyiko wake wa harufu, na madume hufuata harufu ya mmea waliokulia. Dume aliyetoka katika mmea wa dira huvutiwa na mabua ya mmea wa dira, na yule aliyetoka katika mwenzake wa majani mapana huvutiwa na mabua ya huko. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Tumezoea kufikiri kwamba wanyama wa spishi moja hutengana na kuwa spishi mbili pale mlima, mto au bahari inapowagawa, lakini hapa makundi mawili ya nyigu yanaweza kuishi katika mbuga moja, mimea yao ikigusana majani, na bado kila kundi likaoana lenyewe kwa lenyewe kwa sababu ya harufu tu. Wasiooana kwa vizazi vingi huelekea kutofautiana. Haishangazi basi kwamba mwaka 2004 Tooker na Hanks walitangaza spishi mbili mpya za jenasi hiyo hiyo kutoka Illinois, Antistrophus jeanae na Antistrophus meganae, kutoka katika mbuga ambazo mtu angedhani zimekwisha kuchunguzwa zote.

Kujificha ndani ya bua hakuwaokoi mabuu na kila adui. Nyigu mwingine, Eurytoma lutea, hutoboa bua kwa mrija wake wa kutagia na kuwafikia, na mtoto wake humla buu aliyekuwamo. Kwa mmea huo ni ahueni, kwa kuwa mabuu wa Antistrophus huudhoofisha na kuupunguzia maua na mbegu.

Wakulima wa mikaratusi katika Kenya, Uganda na Tanzania wana nyigu wao wa vinundu, Leptocybe invasa, aliyetoka Australia na kuonekana magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Yeye ni wa jamii nyingine kabisa, na vinundu vyake huonekana wazi kwenye vijiti vya majani na matawi machanga ya miche. Tofauti inayohusu mada yetu ni kwamba majike wake kwa kawaida huzaa majike bila kupandwa, kwa hiyo swali la kumtafuta mwenzi halimsumbui, na mdudu mmoja tu aliyesafirishwa na miche anaweza kuanzisha kizazi kizima. Antistrophus rufus hana njia hiyo ya mkato. Bila dume kulipata bua, hakuna majike wa mwaka ujao.

Ndiyo maana hali ya mabua makavu ni suala la uhai kwake. Kabla ya jembe la chuma cha pua lililotengenezwa na John Deere mwaka 1837 huko Grand Detour, Illinois, mbuga za nyasi zilifunika karibu hekta milioni 9 za jimbo hilo, zaidi ya nusu ya eneo lake lote. Mbuga ambazo bado ziko katika hali nzuri sasa hazizidi sana hekta 1,000, nyingi zikiwa vipande vidogo kando ya reli na katika makaburi ya zamani ambayo hayakulimwa. Vipande hivyo huhitaji moto ili vichaka na miti visivimeze, na watu wa asili wa nchi ile walikuwa wakizichoma mbuga zamani, kabla ya wahifadhi kuurudia utaratibu huo. Lakini moto ukipita kabla nyigu hawajatoka, huteketeza bua pamoja na kila buu aliyemo, ingawa mzizi wa mmea ulio chini hausikii kitu na huchipua tena kwa nguvu.

Kwa sababu hiyo wahifadhi wengi huigawa mbuga na kuchoma sehemu moja mwaka huu na nyingine mwaka mwingine, hata pale ambapo kuchoma yote kwa siku moja kungekuwa rahisi na nafuu. Majike wanaotoka katika mabua yaliyosazwa nao hutumia harufu ya mimea ya Silphium kutafutia mabua machanga ya kutagia, na katika sehemu iliyochomwa mabua hayo ndiyo kwanza yanachomoza.