Je, utafiti wa kitaamuli lazima uwe na wahojiwa 30?

Katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili huzunguka ujumbe huu: "Ukihoji watu chini ya 30, tasnifu yako itakataliwa." Si kweli kwa utafiti wa kitaamuli, yaani ule unaochambua maelezo ya watu badala ya kuhesabu namba.

Namba 30 imetoka kwenye takwimu, ambako sampuli ndogo huyumbisha wastani. Wengi wetu tulifundishwa takwimu kwanza, ndiyo maana tunaibeba hadi kwenye utafiti wa kitaamuli. Huku kinachotafutwa ni kina cha maelezo. Unamhoji mama lishe wa tatu, wa saba, wa kumi na moja. Wakianza kurudia yale uliyokwisha kuyaandika daftarini, bila jipya, umekaribia kutosheka. Utafiti mmoja uliochapishwa 2006, wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, ulikuta sehemu kubwa ya mada zilizomo katika majibu yao imeshajitokeza kufikia mahojiano ya 12. Hiyo 12 nayo si sheria: wahojiwa wakitofautiana sana, utahitaji wengi zaidi.

Kuhakikisha, soma sura ya mbinu katika tasnifu zilizoko maktaba ya chuo chako, kisha mwulize msimamizi wako. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna mwenzako anaacha mada nzuri ya utafiti kwa kuuogopa.