Kuhifadhi mifugo ya kienyeji: maana yake

Kuhifadhi aina ya mifugo ya kienyeji ni kuhakikisha madume na majike wasio chotara wapo wa kutosha, na wanaendelea kuzaana wao kwa wao. Idadi ya mifugo zizini haitoshi kukuambia kitu. Zizi linaweza kufurika kondoo na aina yenyewe ikawa imekwisha.

Mfano ni kondoo mwekundu wa Kimaasai, wa kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, mwenye singa fupi na mkia wa mafuta. Miaka ya 1970 wafugaji wa Kenya walianza kusambaziwa madume wa Dorper, aina iliyotengenezwa Afrika Kusini. Dorper ana mwili mkubwa na mnadani bei yake ni nzuri, nani angemkataa? Dume mmoja hupanda majike kadhaa, basi baada ya vizazi vichache kumpata mwekundu halisi ikawa kazi.

Hasara yake huonekana mvua zikinyesha. Mnyoo aitwaye Haemonchus contortus hustawi penye unyevu, na hunyonya damu tumboni mwa kondoo. Mwekundu humhimili. Dorper huishiwa damu, kope zikapauka kwa ndani, na asipopewa dawa anaweza kufa. Watafiti waliowalinganisha huko Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990, waliona mwekundu akimshinda Dorper kwa mbali. Kwenye nyanda kavu Dorper hujitetea vizuri zaidi.

Njia za kuhifadhi ni mbili. Ya kwanza ni mnyama kubaki malishoni kwa mfugaji. Ya pili ni kugandisha mbegu za dume na viinitete, yaani mimba changa kabisa, ndani ya naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina baridi kali. Hiyo ya pili naiona kama akiba tu, maana kilichogandishwa hakikabiliani na minyoo wala ukame wa leo. Kwa vipimo vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa kondoo majike wa kuzalisha wakifika 300 au chini, au madume 5 au chini, aina iko hatarini kabisa. Wakiwa wachache hivyo, ndugu hupandana na kizazi hudhoofika.

Kupandisha chotara si kosa. Hata anayetaka chotara wa nyama anahitaji majike wekundu halisi wa kuanzia. Tatizo ni kwamba mnunuzi hulipia kilo, na ustahimilivu wa minyoo hauonekani kwenye mizani. Ndiyo maana kundi la wekundu linalotunzwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, huko Kapiti, Machakos, lina thamani kuliko bei yake ya mnadani.