Umri na dawa za mafua Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayehamia Marekani akaingia duka la dawa kutafuta dawa ya mafua hukuta mambo matatu kwa mpigo. Boksi moja anajichukulia rafuni. La pili mashine ya malipo inagoma mpaka mhudumu aje aangalie kitambulisho. La tatu halipo rafuni kabisa, kuna kikadi tu kinachomwelekeza aende kwa mfamasia. Hapo ndipo maelezo ya mitaani yanapozaliwa, na baadhi yake huishia kumdhuru mtoto.

"Ni sheria ya nchi nzima: chini ya miaka 18 hununui dawa ya kikohozi."

Sheria ya shirikisho ya namna hiyo haipo. Katazo la umri linahusu kiambato kimoja, dekstromethofani, kinachotuliza kikohozi kikavu, na limewekwa na majimbo, kila jimbo kwa wakati wake. California ilitangulia, kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Huko muuzaji haruhusiwi kumuuzia aliye chini ya miaka 18 asiye na cheti cha daktari, na anatakiwa aone kitambulisho cha kila mnunuzi ambaye kwa sura haonekani kufikisha miaka 25. Majimbo mengine mengi yamefuata, New York likiwemo. Pasipo na sheria hiyo, maduka mengi makubwa huuliza umri kwa kanuni zao wenyewe. Kwa hiyo dawa ileile inaweza kuuzwa bila swali katika duka moja na kudaiwa kitambulisho katika duka la jirani.

Chanzo cha katazo ni vijana wanaoimeza dekstromethofani kwa wingi ili walewe. Kwa kipimo cha boksi, yaani mtu mzima asizidishe miligramu 120 kwa saa 24, ni dawa ya kawaida. Ikizidishwa, mtu huona yasiyokuwepo, moyo humwenda mbio na fahamu hupungua. Hatari huongezeka kwa sababu vidonge vingi vya mafua vina viambato viwili au vitatu pamoja: anayefuata ulevi humeza pia parasetamoli ya kutosha kuharibu ini, na ini haliumi siku ya kwanza. Anayetumia dawa za sonona naye amuulize mfamasia kwanza, kwa kuwa baadhi yake hugongana na dekstromethofani hata kwa kipimo cha kawaida.

Kuitambua ni rahisi. Mara nyingi jina la dawa humalizikia kwa herufi DM. Dawa yenye guaifenesini peke yake, ile ya kulainisha makohozi, haimo katika katazo hili.

"Kitambulisho kwa mfamasia ni cha kuthibitisha umri."

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Dawa inayowekwa nyuma ya kaunta ni pseudoefedrini, ya kuzibua pua, na majina yake mengi humalizikia kwa herufi D. Inafungiwa kwa sababu hutumika kupikia methamfetamini, dawa ya kulevya. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Machi 2006 haikuweka umri wa chini. Iliweka kiasi: gramu 3.6 kwa siku na gramu 9 kwa siku 30. Mnunuzi huonyesha kitambulisho chenye picha, jina na anwani yake huandikwa, husaini, na kumbukumbu hiyo hutunzwa miaka miwili. Umri wa miaka 18, pale unapodaiwa, umetoka kwenye jimbo au kwenye duka.

Gramu hizo huhesabiwa kwa kiambato chenyewe bila chumvi iliyoungana nacho. Kwa vidonge vya miligramu 30 ni 146 kwa siku na 366 kwa siku 30; kwa vile vya miligramu 120 vinavyodumu saa 12 ni 36 na 91. Baadhi ya majimbo yana viwango vya chini zaidi.

Wanaokwama mara nyingi ni wale wanaowanunulia wengine. Mtu mmoja wa vidonge vya saa 12 hutumia viwili kwa siku, sawa na 60 kwa siku 30. Akimchukulia na mwenzake kwa kitambulisho kilekile wanafika 120, wamevuka 91, na mfumo wa kompyuta unaounganisha maduka ya majimbo mengi utazuia mauzo hata akihamia duka lingine. Suluhisho ni kila mmoja anunue kwa jina lake. Leseni ya udereva, kitambulisho cha jimbo, green card na kadi ya kibali cha kazi yenye picha vinakubalika.

"Sina kitambulisho, nitachukua ile ya rafuni, ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja. Ya rafuni, yenye herufi PE, ni feniliefrini. Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba feniliefrini ya kumeza, kwa kipimo kinachouzwa, haizibui pua. Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za kumeza. Ya kupuliza puani haikuguswa na uamuzi huo. Kwa maoni yetu, asiye na kitambulisho afadhali anunue maji ya chumvi ya kusafishia pua kuliko kulipia kidonge hicho.

"Mimi mtu mzima nimeruhusiwa kuinunua, basi mtoto naye anaweza kuinywa."

Hii ndiyo dhana inayotuumiza zaidi. Umri unaoulizwa kwenye malipo umewekwa kuzuia ulevi na hauna uhusiano wowote na mwili wa mtoto mdogo. Mzazi wa miaka 35 atauziwa bila kizuizi dawa ambayo mwanawe wa mwaka mmoja na nusu hapaswi kuionja.

Umri wa kuangalia umechapishwa ubavuni mwa boksi. Mwaka 2008 FDA ilionya kwamba dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti zisipewe watoto chini ya miaka 2, na mwaka huohuo watengenezaji wakaanza kuandika zisitumike chini ya miaka 4. Uingereza ilikaza zaidi mwaka 2009: chini ya miaka 6 zisitumike. Madhara yaliyoonekana kwa wadogo ni degedege, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida na vifo, ilhali faida yake kwa umri huo haijathibitika.

Mara nyingi kosa huanzia kwenye vipimo. Kijiko cha kulia chakula si mililita 5, kila kimoja kina ujazo wake. Tumia kikombe au sirinji iliyokuja na chupa hiyohiyo. Baba akitoa dozi saa 12 na mama akirudia saa 1 bila kujua, mtoto amepata mbili. Andikeni saa ya dozi kwenye karatasi mlangoni pa friji.

Waliotoka Kenya au Tanzania wawe macho na jambo moja zaidi. Syrup ya parasetamoli waliyoizoea kwa kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5. Ya Marekani ina 160, na huandikwa acetaminophen. Mililita zilezile za nyumbani zitazidisha dawa kwa theluthi moja.

Mtoto aliyefikisha mwaka mmoja apewe asali, nusu kijiko cha chai hadi kimoja, kikohozi kinapomsumbua usiku. Chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

"Haihitaji cheti cha daktari, haiwezi kudhuru."

Kizidisho hutokea bila mtu kukusudia. Mwenye homa humeza Panadol mbili alizokuja nazo, miligramu 1,000, ambazo ni parasetamoli, kisha kikombe cha NyQuil ya maji, dawa ya mafua ya Marekani, chenye parasetamoli nyingine 650. Kwa mara nne kwa siku ni 6,600, na kikomo cha mtu mzima ni 4,000. Soma sehemu ya viambato kwenye kila boksi. Parasetamoli ikitokea mara mbili, rudisha moja. Kizidisho kikishatokea, usisubiri dalili: piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, wakati wowote, bila malipo, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Mgonjwa asiyeamka au anayepumua kwa shida, piga 911, namba ya dharura.

"Kijana wa miaka 16 aliyekataliwa dukani hana njia."

Anazo mbili: cheti cha daktari, au mzazi amnunulie na kubaki na chupa mwenyewe. Kilichofungwa kweli kwa umri wake ni dawa za kikohozi zenye kodeini au haidrokodoni, viambato vya jamii ya afyuni. Tangu Januari 2018 FDA imeelekeza zitumiwe na waliotimiza miaka 18 tu, kwa kuwa huweza kuzima pumzi. Chupa ya zamani iliyobaki kabatini irudishwe duka la dawa linalopokea dawa za kuteketezwa.