Kijana, hiyo brashi usiiuze

Juzi pale Mwanjelwa kijana anayechora mabango ya saluni amenisimamisha: “Kaka, nataka kuwa mwongozaji wa filamu, brashi nauza.” Sijui ni wa ngapi huyu. Na mfano anaotoa ni uleule, Kurosawa, yule mwongozaji wa Kijapani.

Ni kweli, Akira Kurosawa, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1910, alianza kama mchoraji. Mwaka 1936 akaingia studio kuwa msaidizi wa mwongozaji, na picha alizokuwa amechora akazichoma moto. Wasimuliaji huishia hapo, na ndicho kinachoniudhi.

Itazame mvua ya langoni kwenye filamu yake Rashomon, ya mwaka 1950. Kamera ikitazama juu, nyuma ya mvua kuna mawingu, na maji matupu yasingeonekana: kijivu juu ya kijivu. Wakatia wino mweusi kwenye maji. Asiyechora angeongeza maji tu. Mchoraji anajua kwamba chaki nyeupe kwenye ukuta mweupe haionekani, hata uikandamize vipi.

Mimi nililijua hilo kwa hasara, Tukuyu. Tulishuti mvua asubuhi nzima, waigizaji wanatetemeka, nguo zimewaganda mwilini. Jioni kwenye kompyuta tukakuta watu waliolowa wamesimama pakavu! Anga lote nyuma yao lilikuwa jeupe. Kesho yake tukawahamishia chini ya mikaratusi, kwenye giza, tukaegesha pikapu nyuma yao na kuwasha taa. Kila tone likang’aa, hata lile lililoning’inia kwenye ukingo wa kofia ya mzee. Hatukubadilisha kamera wala lenzi. Tulibadilisha kilichokuwa nyuma ya maji, na jicho la kuona hivyo hulipati kwenye menyu ya kamera.

Kurosawa mwenyewe alirudi kwenye rangi. Fedha za filamu yake Kagemusha zilipokuwa ngumu kupatikana, aliichora kwenye karatasi, picha moja baada ya nyingine, hata kabla ya kushuti. Filamu ikatoka 1980. Ran, ya 1985, nayo aliichora hivyo hivyo.

Kwa waigizaji ndipo ninapopata shaka kama mchoro unasaidia. Niliwahi kumwonyesha mama mmoja wa Uyole mchoro wangu, nikamwomba ageuze shingo vilevile. Akageuza sawasawa kabisa, lakini uso ukawa hauna uhai. Nikauficha mchoro, nikamwambia tu kwamba mwanawe yuko mlangoni. Aligeuka upande ambao sikuuchora, na ndiyo shoti tuliyoitumia.

Naendelea kuchora kila shoti usiku. Asubuhi karatasi nampa mtu wa kamera, waigizaji siwaonyeshi.